Wanaokaa Nyuma

Bampa yenye mdomo mrefu Gustave alishaichagua, na sketi za pembeni mwa gari, na spoila nyeusi. Zilibaki springi tu, ili Polo yake ishuke chini.

Mkewe ndiye aliyekuwa akikataa. Matuta ya karibu na shule yatawatikisa watoto, alisema. Sasa amekwenda nao Lubumbashi kwa mwanamume mwingine, simu hapokei, na Gustave hana tena wa kumkataza.

Fundi, Mtanzania mwenye gereji hapo Doornfontein, aliweka sakafuni springi za aina mbili, fupi na ndefu kidogo.

"Kaka, huku nyuma wanakaa wangapi? Kama wapo, hizi fupi hazifai. Tairi zitasugua bodi kwenye matuta."

Gustave aliinama, akachungulia ndani. Mgongoni mwa kiti cha dereva kulikuwa na alama za viatu vidogo, tope jekundu lililokauka. Alipitisha kidole kando ya alama hizo, polepole, asiziguse.

"Niko na wawili," alisema. "Na mama yao."

"Eish. Basi fupi tuziache."

"Ndiyo, ndugu. Zitawatikisa."