Siku Moja ya Ziwa

Kila mtu aliruhusiwa kufika ziwani mara moja tu maishani. Asimwe alipokuwa akipakia mahema kwenye gari la kulala, simu ya kuombea kibali ikamuuliza mama yake, mjane Kokushubila: “Umewahi kufika?”

“Sema hapana, mama,” Asimwe alinong'ona. “Jina lako hawana kwenye orodha ya waliofika. Twende wote!”

Kweli hawakuwa nalo. Yeye na marehemu mumewe, Rwegasira, walifika ziwani kwa kupenyea migombani bila kuandikishwa, wakachoma samaki sato, wakalala mchangani mpaka kengele ya misa.

Kokushubila akaishika rozari yake. Angesema hapana, angekuwa amemkana mumewe.

“Nimefika,” akajibu.

Simu ikafuta jina lake kwenye orodha ya safari. Akachuma jani la mgomba, akawaonyesha wajukuu jinsi babu yao alivyomfunga yule sato kabla ya kumchoma.