Sauti ya Mkuu Redioni

"Maree, unanisikia? Nimetumbukia kwenye ufa wa barafu. Mguu umevunjika. Njoo na gari, dada yangu."

Ilikuwa sauti ya mkuu wa kambi, mtu ambaye hakuwahi kumwita Maree dada. Nje, dhoruba ya theluji ilikuwa imeficha hata mlingoti wa bendera. Gari la minyororo lilikuwa moja tu, na Maree peke yake ndiye aliyeweza kuliendesha juu ya barafu ile katika hali kama hiyo.

Majira ya baridi yaliyopita mumewe aliita hivyo hivyo. Mkuu akazuia ufunguo. "Sipotezi dereva kwa ajili ya mzembe mmoja," alisema. Dhoruba ilipotulia walimkuta mumewe amekufa, vidole vimegandia kwenye kitufe cha redio.

Mpishi alimsogezea Maree glavu zake. "Nenda tu. Ukimwacha, utakuwa umefanana naye."

"Mbona yeye tangu siku ile analala usingizi wa pono?" Maree alisema.

Akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, kambi nzima isikie. Halafu akaketi kwenye benchi, akaanza kufungua kamba za buti.