Kiganja Uani

Enid aliwatembeza wageni sokoni, akawasimulia miaka mia nane ya kuuza jibini na kondoo katika mji wao. Kituo cha mwisho kilikuwa ua wa nyumba aliyowahi kupanga, kabla kodi haijamshinda.

Kando ya alama ya kiganja iliyokuwa kwenye sakafu ya saruji, mwenye nyumba alikuwa ameweka kibao kipya: "Kiganja cha mtoto wa muuza kondoo, miaka mia tatu iliyopita."

Enid aliinama. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje. Siku alama ile ilipopigwa, saruji ilikuwa bado mbichi, naye alimfokea sana mwanawe kabla ya kumnawisha mkono.

Mgeni mmoja aliweka mkono wake juu ya alama ile ili mkewe ampige picha.

"Kadogo, maskini," mke alisema. "Huyu mtoto aliishia wapi, mama?"

"Alikufa kwa homa ya uti wa mgongo," Enid alijibu. "Machi, mwaka themanini na tisa. Alikuwa na miaka sita."

"Yaani elfu moja mia sita themanini na tisa," mume alimweleza mkewe. "Enzi hizo hata dawa hazikuwepo."

"Toa mkono wako hapo," Enid alimwambia.