Vumbi la Bingwa

Enzi ambazo wanyama walishindana kwa magari, Ngiri ndiye aliyekuwa bingwa, na hakuacha yeyote asahau. Kila mwaka, akifika kwenye kona ya kijiji cha nyani, alikanyaga mafuta makusudi, vumbi likawafunika watazamaji pamoja na muhogo waliouanika kando ya barabara.

Bibi Nyani, mwenye muhogo, akamfuata baada ya mashindano.

"Mwanangu, kwenye kona yetu punguza mwendo kidogo. Ugali wetu umekuwa mchanga mtupu."

"Vumbi la bingwa ni baraka, bibi," Ngiri akajibu. "Wenzako wanalitafuta hawalipati."

Mwaka uliofuata, mvua ikanyesha siku ya mashindano. Ngiri akaifikia kona ile akiwa mbele ya wote, akakanyaga mafuta kama kawaida yake, na gari likazama kwenye tope hadi milangoni. Punde akatokea Nyumbu, ambaye tangu azaliwe hajashinda mbio zozote, akakwama kando yake. Ukoo mzima wa nyani ukashuka topeni kumsukuma, akaondoka akiwapungia mkono.

Ngiri akatoa kichwa dirishani.

"Na mimi je, jamani? Nisukumeni. Mnangoja nini?"

Bibi Nyani alikuwa ameshatandika mkeka wake juu ya jiwe na kuketi.

"Tunangoja baraka yetu, mwanangu," akasema. "Vumbi likitimka tu, tunakuja kukusukuma."