Nukta Tatu za Zipora

Kidole cha Zipora kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Kwenye grafu ya kompyuta yake, nukta kumi na saba za vipimo zilifuata mstari ulionyooka, lakini tatu za mwisho zilipanda juu, mbali nao.

Mjukuu wangu huyu anasomea chuo kikuu vimiminika vya chumvi ambavyo vikipozwa sana hugeuka kioo. Anakokotoa jinsi vinavyozidi kuzuia umeme kadiri baridi inavyoongezeka. Mwalimu wake alitaka kazi ifike siku hiyo saa kumi jioni, la sivyo Zipora angerudia mwaka.

"Hizi tatu zinaniharibia, Bibi. Nikizitoa, mstari unakaa vizuri."

"Nani alizipima?"

"Fundi wa maabara. Alinipimia nilipokuwa na mtihani. Hata kanisani hakwenda Jumapili ile."

Niliinamisha chupa ya asali juu ya uji wake. Hapa kwetu Mhunze kulikuwa na baridi asubuhi ile, na asali ilining'inia mdomoni mwa chupa kama uzi, ikagoma kudondoka.

"Jana ilikuwa inatiririka," nikamwambia. "Baridi imeongezeka kidogo tu, ukaidi wake umezidi mara kumi."

Zipora aliutazama uzi ule mpaka mkono wangu ukachoka.

"Fundi alipima sawasawa," akasema. "Mimi ndiye niliyenyoosha kisichonyooka."

"Utawahi saa kumi?"

"Uji uache hapo, Bibi."

Akaufuta mstari.