Jicho Moja Wakati wa Maombi

Mchungaji alipoanza kuombea chakula, Verna alifumbua jicho moja. Mgombea useneta wa chama cha Verna, aliyealikwa kula nao kanisani, alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza. Verna akatega sikio.

"Thelathini na saba, thelathini na nane..."

Alikuwa anahesabu watu.

"Amina!" mgombea aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Yule hamwombi Mungu yeyote," Verna alimwambia mumewe garini.

"Na wewe ulimwonaje, mama? Kumbe huwa unachungulia!" Mumewe alicheka. "Mpigie tu. Chama chetu kina viti hamsini kati ya mia. Bila hiki chake kimoja, Seneti imekwenda."

Jumanne, siku ya uchaguzi, Verna alisimama mbele ya karatasi ya kura. Kwa miaka arobaini alikuwa amejaza viduara vya wagombea wa chama chake bila kusita. Safari hii alijaza vyote, akabakiza cha juu kabisa, cha yule mgombea.

"Bwana, nionyeshe njia," alinong'ona, akafumba macho yote mawili.

Midomo yake ikaendelea kucheza. Ndipo akasikia sauti yake mwenyewe.

"Viti arobaini na tisa, hamsini, hamsini na..."