Kifungu Gani?

"Nimevunja kifungu gani?" aliniandikia yule anayejiita Pilipili.

Hakuvunja hata kimoja. Alimwambia binti mmoja mgeni kikundini, aliyejitolea kurekebisha programu yetu ya kompyuta ya bure, arudi jikoni akaoshe vyombo. Binti akatuaga palepale.

Kanuni za kikundi chetu cha mtandaoni niliziandika mimi, msimamizi, nikataja kila tusi ninalolijua. Waanzilishi walitaka neno moja tu: tuheshimiane. Niliwacheka. Sasa kuosha vyombo hakumo kwenye orodha yangu ya matusi.

Nikamjibu Pilipili faraghani: "Huna haya!"

Sebuleni, simu ya mume wangu ikalia. Akacheka peke yake.

Nikamtumia Pilipili nukta tupu. Ikalia tena.

Kanuni zile nilimsomea yeye, kifungu kwa kifungu, tukiwa mezani, anisaidie kuziba mianya.

"Mama watoto, mbona kimya huko?"

Nikafuta vifungu vyote, nikabakiza neno la waanzilishi. Kisha nikamwandikia Pilipili: "Tuheshimiane, baba watoto."

Simu ikalia. Akaanza kucheka, kicheko kikakatika.